Nilimtania mwanangu kwenye mwalo wa boti Kibirizi, sasa kila jioni ananiuliza kama atalala nyumbani

Fundi Injini (mwanzisha uzi)

Wakuu, mwakeye. Naandika usiku huu nyumba nzima imelala. Maneno haya nimeyafuta mara tatu kabla ya kuyaacha, kwa hiyo naomba mnisome hadi mwisho ndipo mnijibu.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kigoma. Kazi yangu naifanyia chini ya turubai kule Kibirizi, pale boti za Mwamgongo na Kagunga zinapopakia watu na mizigo. Nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka mitano na miezi, wa kike bado ananyonya. Jumamosi hakuna shule, basi mama yake huniachia huyu wa kiume nije naye kazini. Anakaa juu ya dumu ananipa spana. Anazijua kwa namba: ukimwambia kumi na tatu, anakupa kumi na tatu.

Jumamosi hiyo alikuwa msumbufu. Alimwaga mafuta, nikamkemea, akarudia. Pembeni alikuwepo mama mmoja mteja wangu, mchuuzi wa dagaa wa Mwamgongo, anasubiri boti ijae. Nikamkonyeza. Nikamwambia mtoto: "Unamwona yule? Yule ndiye mama yako wa kweli. Sisi tulikuokota hapahapa mwaloni ukiwa mchanga. Leo amekuja kukuchukua." Yule mama akaidaka vizuri kabisa, akafungua mikono: "Mwanangu, njoo twende, boti inaondoka." Vijana wa pale nao wakaingilia. Mmoja akambeba, akamweka ndani ya boti. Mwingine alishatoa simu anarekodi.

Nilijua atalia. Hesabu yangu ndiyo ilikuwa hiyo: atalia, nitamshusha, ataahidi kutulia, tutacheka, nitamnunulia soda.

Hakulia. Alimtazama yule mama, akamtazama tena, akamwambia, "Shikamoo." Halafu akavua viatu vyake, vile vipya vya shule tulivyomnunulia mwezi uleule, akaviweka ukingoni mwa boti, akaniambia: "Mpe mtoto akikua." Mtoto ni mdogo wake.

Watu walicheka sana. Na mimi nilicheka. Naliandika hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikamshusha, nikamwambia ni utani tu baba, mama yako yuko nyumbani Gungu anakusubiri. Akasema sawa. Akavaa viatu vyake. Soda hakuinywa. Aliishika mkononi mpaka tunafika nyumbani, chupa imejaa.

Leo ni wiki ya tano. Kila jioni jiko likishawashwa anakuja niliko: "Baba, leo nalala hapa?" Nikimwambia ndiyo, anaondoka. Haulizi kwa kulia, anauliza kama mtu anayeulizia muda wa treni. Chini ya kitanda mama yake alikuta mkoba wa shule, ndani kuna kaptula mbili, daftari na kipande cha sabuni. Ameanza kukojoa kitandani, na hilo alishaliacha tangu ana miaka mitatu. Kibirizi hataki hata kuisikia.

Linaloniuma kuliko yote: utundu umekwisha. Ukimwambia kaa, anakaa. Jirani ananisifia kwamba siku hizi mtoto wangu ana adabu.

Na video imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Shemeji yangu aliyeko Kasulu alinitumia huku akicheka, hakujua kuwa ni mimi niliyeianzisha.

Naomba msaada. Nifanye nini?

Kizazi cha 80

Mkuu, pole, ila usijitese kupita kiasi. Hapa nani hakuokotwa? Mimi niliambiwa niliokotwa jalalani Mwanga sokoni, mdogo wangu akaambiwa tulimnunua kwa debe la mawese. Mama akituchoka alikuwa anavaa kanga, anabeba ndoo, anasema anaenda kutafuta watoto wengine wenye akili. Tulilia, tukanyamaza, tukala, tukalala. Leo tuna familia zetu. Wazazi wetu hawakuwa na saikolojia na tulipona. Mpe muda, atasahau.

Dada wa Heru

Kizazi cha 80, naomba nikujibu, na sikujibu kwa hasira.

Mimi ni wa Kasulu, nimezaliwa 1991. Nyumbani kwetu mimi peke yangu ndiye mrefu na mweusi sana, wenzangu wote wanafanana na baba. Mwaka 1993 wakimbizi wa Burundi walivyoingia kwa wingi nilikuwa mdogo sana, sikumbuki kitu. Lakini nilipofika umri wa kuelewa, utani wa nyumbani ukawa huo: "Wewe tulikuokota kwenye msafara wa wakimbizi, mama yako alikuangusha njiani." Baba alikuwa anausema mbele ya wageni, na wageni wanacheka, kwa sababu baba yangu alikuwa msimulizi mzuri kwelikweli. Alikuwa na uwezo wa kueleza mpaka rangi ya kitenge nilichokuwa nimefungwa.

Mnajua mimi nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa naangalia mikono ya mama akipepeta mchele. Kidole chake kidogo cha kushoto kimepinda kidogo, na changu kimepinda. Kila nikitaniwa nilikuwa naenda kukitazama kidole kile. Sijawahi kumwambia mtu. Nilipekua sanduku lote kutafuta kadi yangu ya kliniki, nikaikosa, ya kaka yangu ikawepo. Nikiwa darasa la tatu nilikata shauri kwamba nitafanya kazi nyingi kuliko wote ili wasinirudishe. Nikawa wa kwanza kuamka, wa kwanza kuchota maji. Watu wakasema huyu mtoto amebarikiwa.

Ninyi wa mkoa huu wa mpakani mnajua maneno "wewe si wa hapa" yana uzito gani kwetu. Siku nilipoenda kujiandikisha kitambulisho cha taifa, yule anayejaza fomu akaniuliza babu yako mzaa baba alizaliwa kijiji gani. Swali la kawaida, kila mtu anaulizwa. Miguu ilianza kunitetemeka. Nina miaka 27, nina mume, nina cheti cha kuzaliwa mkononi, na nilikuwa nasubiri aniambie nenda. Hapo ndipo nilipojua kuwa ule utani haukuisha. Baba alishafariki, sikupata kumuuliza alikuwa anacheka nini.

Fundi, mwanao kavua viatu kamwachia mdogo wake. Mimi namwelewa mtoto huyo kuliko unavyodhani. Yeye hakutaniwa. Yeye aliagwa.

Fundi Injini

Dada, nimesoma mara mbili. Asante. Sina la kusema kwa sasa.

Mwalimu wa Awali

Nafundisha darasa la awali mwaka wa kumi na moja huu, watoto wa umri huohuo wa kijana wako, na masomo ya malezi niliyasoma chuoni. Nitaandika kwa urefu kidogo.

Kwanza suala la umri. Mtoto wa miaka mitano hajakomaa kutambua kwamba mtu mzima anaweza kusema jambo kwa uso mkavu huku moyoni akimaanisha kinyume. Uwezo huo huanza kujengeka kuanzia miaka sita hivi, na huchukua miaka mingine kukamilika. Wewe ulikuwa na matoleo mawili ya tukio lile kichwani mwako, la kweli na la uongo, na kicheko chako kilitoka kwenye nafasi iliyopo kati ya hayo mawili. Yeye alikuwa na moja tu. Kwenye toleo lake, baba alimtoa kwa mtu asiyemjua mbele ya watu, na watu wakafurahi.

Pili, na hili ndilo kubwa. Mtoto mdogo haijui dunia kwa kuitazama dunia, anaijua kwa kutazama uso wa mzazi. Mwaka 1985 Marekani lilifanyika jaribio moja ambalo kila mwalimu wa watoto angepaswa kulijua. Waliweka meza yenye kioo kinene, upande mmoja chini ya kioo panaonekana kama shimo. Mtoto wa mwaka mmoja anawekwa upande mmoja, mama anasimama wa pili. Hakuna hatari, kioo hakivunjiki. Mama walioambiwa waonyeshe uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walitambaa wakavuka. Walioambiwa waonyeshe uso wa hofu, watoto walikuwa 17, hakuvuka hata mmoja. Shimo ni lilelile. Kilichobadilika ni uso wa mama tu.

Sasa fikiria mtoto anayeona shimo, anainua macho kumuuliza baba, na uso wa baba ndio uliochora lile shimo. Baada ya hapo atauliza nani? Ndiyo maana anakuuliza kila jioni. Anaujaribu uso wako kama bado unasema kweli.

Hata hapa Afrika Mashariki jambo hili lilishatazamwa zamani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Uganda, akawa anawatembelea akina mama na watoto wachanga kwenye vijiji vya karibu na Kampala, anakaa sebuleni anaangalia na kuwauliza maswali. Aliona mtoto anayetambaa akienda mbali na mama, akifika mahali anageuka kumtazama, akimwona yupo anaendelea mbele zaidi. Mama ndiye mahali pa kuondokea na kurudia. Mtoto mwenye uhakika na mahali hapo ndiye anayethubutu kwenda mbali. Kwa hiyo utundu wa mwanao uliokuwa unakukera, kumwaga mafuta, kushika spana, ulikuwa ni ushahidi kwamba ana uhakika na wewe. Utulivu huu wa sasa ambao jirani anausifia, mimi kama mwalimu unanitia wasiwasi. Mtoto anayelia kwa nguvu darasani simwogopi. Namwogopa anayekaa kimya akinifuata kwa macho.

Kizazi cha 80, umesema mlilia mkanyamaza. Wapo waliolia wakanyamaza na yakaisha kweli, maana watoto hawafanani na nyumba hazifanani. Nyumba ambayo siku nyingine zote mtoto anabembelezwa, utani mmoja unapita kama mvua ya dakika tano. Lakini ni nani kati yenu nyumbani ambaye kwake utani huo haukupita? Mara nyingi huwa yupo mmoja, na mara nyingi ndiye aliyekuwa hasemi.

Mvuvi wa Kaskazini

Mimi ni wa hukohuko Mwamgongo, tunapakana na hifadhi ya Gombe. Wazee wetu waliofanya kazi na watafiti enzi za Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, wanayo habari ya sokwe mama aliyeitwa Flo. Alikuwa mama mpole mno, mchezaji, anawatekenya wanawe mpaka wanacheka, maana sokwe nao hucheka. Alikufa mwaka 1972. Mwanawe Flint alikuwa na umri wa miaka minane, siyo mtoto wa kunyonya tena. Aliacha kula, akawa anarudi karibu na pale mama alipofia, na haukupita mwezi akafa naye.

Nimeandika hili kwa sababu moja. Kama mnyama wa msituni anaweza kufa kwa kukosa mama, sisi tunamwambia mtoto wa miaka mitano "huyu si mama yako" tukitegemea acheke?

Kizazi cha 80

Nimewasoma wote na sibishi kwa ubishi. Ila naona tunaelekea mahali ambapo mzazi hataruhusiwa kufungua mdomo. Watoto wetu tutacheza nao vipi? Sisi Waswahili ni watu wa utani. Babu yangu alikuwa ananiita mchumba wa mke wake, ananifukuza na bakora kwamba namwibia mke, na nilimpenda kuliko watu wote duniani. Mbona huo haukuniharibu?

Mzee wa Ujiji

Hapo kijana umegusa penyewe, na umejijibu bila kujua. Naomba nipewe nafasi nieleze, maana mambo haya ninyi mlio na simu mmeyachanganya.

Utani kwetu haukuwa wa kila mtu kwa kila mtu. Una wenyewe. Babu na bibi ni watani wa wajukuu. Shemeji na shemeji ni watani. Kabila na kabila, kama Wanyamwezi na Wazaramo, na huo ulitokana na misafara ya kutoka huku bara kwenda pwani, watu wanakutana njiani wamechoka, wanahitaji namna ya kukaa bila kugombana. Mtani anaweza kuja msibani akajifanya marehemu, akazuia jeneza mpaka apewe pesa, na hakuna wa kumkasirikia. Kwa nini? Kwa sababu kila aliyepo anajua huyu ni mtani. Utani unajulikana kabla haujaanza.

Sasa niambie, umewahi kusikia wapi kwamba baba ni mtani wa mwanawe? Hakuna. Wala mama. Tulipokuwa wadogo hapa Ujiji, babu akikutania ukaona umezidiwa, ulikuwa unakimbilia wapi? Kwa mama. Unajificha kwenye kanga yake, babu anabaki anacheka huko nje, na mama anasema, "Mwache mwanangu." Utani wa babu ulikuwa mtamu kwa sababu kanga ya mama ilikuwepo. Mtoto alikuwa anatoka kidogo, anachungulia, anarudi tena kutaniwa. Yeye ndiye anayeamua.

Mzazi akishika nafasi ya mtani, nafasi ya mzazi inabaki tupu. Mtoto atakimbilia kwa nani, na anayemtisha ndiye mwenye kanga?

Bakora ya babu yako ulikuwa unaikimbia ukicheka. Mtoto wa Fundi alivua viatu.

Mwalimu wa Awali

Shikamoo mzee. Miaka yote hii darasani sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo.

Niongezee kwa wanaouliza watacheza vipi. Mbona michezo ipo? Mama anajifunika kanga usoni, anajifunua, mtoto mchanga anacheka mpaka anapaliwa, na huo ni mzaha kamili: mama amepotea, mama amerudi. Unachukua sekunde mbili na unaisha kwa mama kurudi kila mara. Kombolela ni kutishana na kutafutana, ila mnahesabu kwanza, kila mtu anajua mchezo umeanza na unaisha vipi. Kutekenyana, kutegeana vitendawili, baba kujifanya hajui kuvaa shati na kulivaa miguuni, mtoto ambaye anajua zaidi anamcheka baba. Watoto wa miaka mitano wanaipenda mno hiyo ya mwisho, maana siku nzima wao ndio wasiojua.

Mwembe wa Tabora

Nawasoma nikiwa huku Tabora, na nimesubiri mtu aguse suala la video. Naona limepita haraka, nami naona ndilo lililoharibu zaidi.

Mzee kasema utani una wenyewe na una watazamaji wanaojua. Simu imeondoa hayo yote. Sasa mtoto anatishwa kwa ajili ya watu ambao hawapo hapo. Huu mtindo wa pranki tumeupokea kama tulivyopokea mengine. Mwaka 2023 TikTok ilijaa wazazi wa ng'ambo wanaovunja mayai kwenye paji la uso la watoto wao wadogo, mtoto anadhani wanapika pamoja, ghafla yai puu! Wapo waliofungia watoto chumbani na kuwaonyesha mzuka kwenye simu. Na huko huko walikotoka wameshaona mwisho wake. Mwaka 2017 kwenye jimbo la Maryland, Marekani, kulikuwa na baba na mama wa kambo wenye chaneli ya YouTube iliyoitwa DaddyOFive. Walimwaga wino wa kufutika kwenye zulia, wakamsingizia mtoto, wakamfokea kwa matusi mpaka akalia, ndipo wakamwambia ni mzaha. Watu waliiona video wakapiga kelele. Watoto wawili wakarudishwa kwa mama yao mzazi, na yule baba na mama wa kambo mahakama ikawapa kifungo cha nje cha miaka mitano kwa kosa la kutelekeza watoto. Utetezi wao mwanzoni ulikuwa neno lilelile: tulikuwa tunatania.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 9 kinamtaka mzazi amlinde mtoto na ukatili, unyanyasaji na kutelekezwa. Simwandikii Fundi kumtisha, yeye kaja mwenyewe na moyo wake mkononi. Nawaandikia vijana wanaorekodi. Mtoto yule atajifunza kusoma, atapata simu, na siku moja atajiona akivua viatu huku watu thelathini wanacheka nyuma yake.

Fundi, mtafute aliyerekodi afute. Na kila kundi ulikoiona andika jina lako, sema ni mwanao, omba waifute. Wengi watafuta. Na kama hali ya mtoto haibadiliki, namba 116 ni ya huduma ya simu kwa watoto, haitozwi, mzazi pia anaweza kupiga akaongozwa. Kuna maafisa ustawi wa jamii kwenye halmashauri, si lazima mtu awe amepigwa ndipo waende kuonwa.

Fundi Injini

Nawashukuru nyote. Video: kijana aliyerekodi nimempata, amefuta mbele yangu na kaomba radhi. Kwenye makundi nimeandika kama ulivyosema, Mwembe. Kwenye kundi moja wamenicheka, kwenye mengine wamefuta.

Sasa nina wazo, naomba mnipe maoni. Yule mama wa Mwamgongo kasikia habari za mtoto, amelia, anataka kuja nyumbani Jumapili na zawadi ya samaki, migebuka, aje amwambie mtoto mwenyewe kwamba alikuwa anatania. Nimkubalie?

Mwalimu wa Awali

Hapana! Tafadhali usimruhusu. Fundi, huyo mama akitokea mlangoni kwako akiwa na mzigo, mwanao hatamwona mtu aliyekuja kuomba radhi. Atamwona amekuja kumchukua. Mwambie mama huyo moyo wake umepokelewa, na aache kwanza.

Fanya hivi. Omba radhi mwenyewe, kwa maneno ambayo mtoto anayaweza: "Nilikudanganya. Mama yako ni mama yako. Lilikuwa kosa langu, wewe hukukosea." Usiweke "lakini ulimwaga mafuta". Ukiweka lakini, utakuwa umemwambia kwamba akikosea tena boti ipo. Usimlazimishe aseme amekusamehe.

Lile swali la jioni usilisubiri, mtangulie. Kabla hajauliza mwambie: "Leo unalala hapa, na kesho unalala hapa." Sema hivyohivyo kila siku, kwa maneno yaleyale, hata ukichoka.

Mkoba uacheni. Msiutoe vitu. Ni wake, ataufungua yeye siku akiona hauhitaji.

Halafu tafuta kadi yake ya kliniki, na mumweleze alivyozaliwa. Wewe na mama yake pamoja. Siku gani, mvua au jua, nani alikuwepo, nani alimbeba wa kwanza. Habari ya kuokotwa uliieleza kwa ufundi, na hii ieleze kwa ufundi huohuo.

Dada wa Heru

Kadi ya kliniki. Mwalimu, umenitoa machozi.

Kizazi cha 80

Nimerudi. Jana nilimpigia mdogo wangu, yuko Mpanda. Nikamuuliza kwa kawaida tu, unakumbuka lile la debe la mawese? Nilitegemea acheke. Alinyamaza nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema: "Kaka, wewe ulikuwa unaitikia. Mimi ndiye niliyekuwa naambiwa."

Tumeongea saa nzima. Sikujua.

Fundi Injini

Wadau, zimepita wiki tatu tangu nianzishe uzi huu, wengi mmeniuliza huku na kwa ujumbe binafsi.

Radhi niliomba usiku uleule Mwalimu aliponiandikia. Nilikaa chini sakafuni ili tulingane. Nilisema nilivyoelekezwa. Alinisikiliza, akaniuliza, "Na yule mama anajua?" Nikamwambia anajua, amesema si kweli, ana watoto wake. Akauliza wangapi. Nikamwambia wanne. Akaenda kulala.

Kadi ya kliniki tuliipata, imekunjika, ina doa la mafuta. Mama yake akamweleza alivyozaliwa. Alishikwa na uchungu usiku wa manane, mvua inanyesha, nikaenda kugonga kwa jirani mwenye bajaji, tukaondoka kwenda hospitali, tukafika katikati ya kilima bajaji ikaisha mafuta, nikaisukuma mimi na jirani huku mama yake yuko ndani anatufokea. Bibi yake ndiye aliyemshika wa kwanza. Alisikiliza bila kupepesa. Kesho yake akataka aelezwe tena. Siku ya tatu nikaeleza mimi peke yangu, nikaharakisha, akanikatiza: "Umesahau bajaji iliisha mafuta." Sasa ananisahihisha kila usiku. Jina la jirani analidai, rangi ya bajaji anaidai.

Kukojoa kumepungua, siyo kila siku. Juzi alimvuta mdogo wake nywele, mama yake akamkemea, akabisha! Mama yake alinipigia simu kazini kunieleza kwamba mtoto amebisha, na sauti yake ilikuwa ya furaha.

Swali la jioni namtangulia. Siku mbili nilichelewa kurudi, nikakuta ameuliza kwa mama yake. Mkoba bado uko chini ya kitanda. Sabuni imetoka, iko bafuni, hatukuulizana. Kaptula na daftari zimo.

Jumamosi iliyopita aliniambia mwenyewe anataka kunisindikiza kazini. Sikumwomba. Tulitembea kwa miguu, amenishika kidole. Tulipofika pale barabara inapoanza kushuka na ziwa linaonekana, akasimama. Boti zilikuwa zinapakia, tunasikia wanavyoita abiria wa Kagunga. Akasema, "Baba, hapa panatosha." Tukakaa kwenye jiwe tukaziangalia mpaka ya kwanza ikaondoka, akanitajia injini yake ni ya nguvu farasi ngapi kwa kusikia mlio tu, na alipatia. Kisha tukarudi nyumbani. Siku hiyo sikufungua kazi.